Mababu wa Kuazima

Enzi zetu Garissa, mtoto hakuulizwa yuko darasa la ngapi. Aliulizwa mababu zake. Mgeni hata humjui, anakushika bega: "Wewe ni wa nani?" Nawe unaanza, jina lako, la baba, la babu, la babu wa babu, mpaka atosheke na kukupa peremende. Watoto wa siku hizi, waulize babu yao aliitwa nani, wanatafuta kwenye simu!

Wee, tulikuwa na raha zetu. Asubuhi mikokoteni ya punda ikipandisha maji kutoka mto Tana, madumu yakigongana, nasi nyuma tukikinga matone kwa viganja. Anjera ya moto kwa samli na sukari, chai ya maziwa ya ngamia yanayonukia moshi. Alasiri mchanga ukipoa tulicheza kati, tukikwepa mpira wa karatasi, mitandio ikituanguka mabegani, na Mwalimu Njoki wetu wa kutoka bara anapita akijipepea: "Nyinyi mna ngozi ya mjusi? Jua hili hamlisikii?"

Mimi nililelewa. Wazazi wangu walikufa kwa ugonjwa kule upande wa Modogashe kabla sijajua kusema, nikachukuliwa na Aabo Yusuf, mchuuzi wa mbuzi, na mkewe Hooyo Halima. Aabo ni baba, hooyo ni mama, nami sikuwajua wengine. Nilikula sahani moja na binti zao, tukasukwa nywele na mkono mmoja. Wao wakihesabu mababu, nami nilihesabu wale wale. Hakuna aliyenifunza, nilidaka tu.

Siku moja chuoni, maalimu wetu wa Kurani akaniambia nitaje ukoo wangu. Nikaumimina bila kukwama. Msichana mmoja akaangua kicheko: "Hao si wake! Huyo ni wa kuokotwa!" Maalimu alimnyamazisha, kisha akaniambia kwa upole kwamba dini inataka yatima aitwe kwa jina la baba aliyemzaa, si la aliyemlea.

Basi! Nikawa bubu. Mgeni akibisha hodi, mimi niko nyuma ya pazia. Hofu yangu ilikuwa moja: asiye na ukoo, siku akifukuzwa nyumba ya watu atakwenda kwa nani? Nikaanza kufua kabla sijatumwa, nikafagia hata palipofagiwa. Hooyo akashangaa, "Subhanallah, mtoto huyu ana nini? Anafagia utadhani mgeni anayeogopa kufukuzwa!" Binti zake wakamwambia yaliyotokea chuoni, naye akamwambia mumewe.

Aabo alipanda lori la mbuzi kwenda Modogashe, akakawia huko kuliko kawaida yake. Aliporudi, vumbi mpaka kwenye kope, hakuomba hata maji. Alinikalisha mkekani akanitajia jina la baba yangu mzazi, la babu yangu, la babu wa babu, akirudia pole pole mpaka nikayashika. Alikuwa amezunguka visimani akiwauliza wazee, huyu jina hili, yule jina lile.

Nililia, wallahi. Nilidhani ananiaga. Amenitafutia watu wangu, sasa nirudi kwao. "Nitaondoka lini?" nikamuuliza.

Kwetu Wasomali, mzazi humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. Mama humwita mtoto hooyo, baba humwita aabo, awe wa kiume au wa kike. Lakini ni kwa mwanawe. Aabo Yusuf alinitazama kama niliyepagawa.

"Uende wapi, aabo? Hao ni mababu zako, na hapa ni kwenu. Haya, futa machozi uniletee chai."

Siku hizi Garissa ina lami na taa, na wanangu wana majina matatu kwenye kitambulisho, wameridhika. Mimi mababu zangu nawataja wote hadi leo, hata ukiniamsha usingizini. Lakini tangu tumzike yule mzee, hakuna mtu duniani anayeniita aabo.