Kiumbe wa Ndivani

Jana wajukuu zangu walikuwa wakitazama sinema ya kutisha kwenye simu, wanacheka. Mimi nikatoka nje. Usinicheke, rafiki yangu, ngoja nikueleze.

Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilipanda mara moja hadi kijijini kwetu, milimani juu ya Makanya. Shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa shule. Tulisikia gari lile huonyesha habari za kahawa na sabuni, lakini jioni ile mwonyeshaji, kijana wa Tanga, aliweka sinema ya kitu kilichoanguka ziwani kutoka angani. Kiumbe laini, hana uso, akawa anatoka majini kuvuta watu. Mwalimu alitufasiria, na kila alivyoendelea sauti yake ilizidi kufifia. Harufu ya petroli ya lile gari naikumbuka hadi leo.

Asubuhi binti wa jirani, rafiki yangu, alinitangulia ndivani, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nilipofika nilikuta mtungi wake tu, umelala ukingoni.

Nikapiga kelele kwamba yule kiumbe kamchukua. Kabla uji haujachemka, wanaume wenye mapanga walishalizunguka gari. Mwalimu aliwasihi, wakamsukuma pembeni. Jirani, mama wa rafiki yangu, akasimama mbele ya mlango wa gari, akasema taratibu kwamba anamtaka mwanawe, hataki kingine. Kijana akashuka. Akaeleza kwamba sinema hutungwa na watu, mavazi hushonwa, nyuso hupakwa rangi.

"Mama, yule ni mtu. Amevaa mpira tu."

Jirani akamtazama. "Basi aliyemchukua mwanangu naye ni mtu."

Mapanga yakainuka. Ndipo bibi yangu akatokea njiani, amemshika rafiki yangu mkono, mtoto mweusi kwa masizi. Alimkuta darini juu ya jiko, kajibanza katikati ya mahindi. Mtoto aliona povu likipanda majini, akakimbia bila kutazama nyuma. Mama yake alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, wakakaa chini pale pale vumbini. Kijana wa Tanga aliondoka bila kugusa uji aliotengewa, na gari halikurudi tena.

Rafiki yangu aliolewa kijiji cha Kisiwani. Hadi uzeeni, kabla ya kuchota maji alitupa kwanza jiwe, akasubiri. Nikimtembelea, nilisubiri naye. Sasa hayupo. Ndiva imejaa udongo, watu wamepanda maharage ndani yake. Maji yanatoka bombani, na bado nasimama kidogo kabla ya kukinga ndoo.