Nguo Kavu za Kocha

Kocha wa polo ya maji hatamki kamwe kwamba timu yake itashinda, ila kila siku ya fainali mkewe humfungia mkobani shati, suruali na taulo, maana vijana wakishabeba kombe humrusha bwawani na viatu vyake. Wameshamrusha mara kumi na tisa. Dakika za mwisho huvua saa, akamkabidhi mkewe bila kumtazama. Sauti imemkauka kwa kuwapigia kelele watu wenye maji masikioni. Hata chumvi mezani huiomba kana kwamba mkewe yuko ng'ambo ya bwawa.

Leo walifungwa kwa bao moja, na kipa aliyeliachia alibaki majini, ameng'ang'ania mwamba wa goli, hataki kutoka. Mke akaanza kuufunga mkoba. Kocha akamwekea saa kiganjani.

"Baba watoto, si mmefungwa?"

"Tumefungwa. Lakini wewe nguo umeshazikunja."

Akajitosa mwenyewe, viatu na vyote, chubwi! pembeni ya kipa. Maji yakamrukia kipa usoni, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Mke akaufungua mkoba tena, akatoa taulo.