Tundu la Mzee Nililoliziba

Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Iringa, na wiki iliyopita nilijidai mpaka nikaumbuka. Mama Kalinga, nesi mstaafu, aliniletea gari lake lenye kitanda nyuma. Alikuwa anampeleka mumewe, ambaye miguu yake haina nguvu tena, akamwone kitukuu wao mchanga huko Rujewa. Kiyoyozi kilinguruma juu ya paa, lakini upepo ulikuwa hafifu.

Nilifungua dari nikakuta ubaridi unavujia kwenye nyufa za njia ya upepo. Nikaziba kila penye mwanya kwa tepu ya kung'aa. Kwenye viti vya mbele upepo ukavuma hadi kilemba cha Mama kikapepea.

"Twende wote, fundi," akasema, akishika usukani. "Kikigoma njiani uwepo."

Tulipoteremkia bonde la Usangu, jua likawaka. Mbele tulistarehe, nami nikaendelea kumhubiria Mama jinsi nyufa zinavyoiba upepo.

"Baba, baridi imefika huko?" niliuliza kupitia pazia lililotutenga na kitanda.

"Itafika tu, mwanangu," Mzee akajibu.

Tulipofika Rujewa nilifungua pazia kwa mbwembwe. Mzee alikuwa kifua wazi, shuka limelowa jasho. Darini, juu ya uso wake, iling'aa tepu yangu. Pale ndipo palikuwa na tundu la kupuliza upepo kitandani. Kifuniko chake kilishavunjika, nami nikalidhani ufa.

"Baba, mbona hukusema?"

"Niliiona tangu Mafinga," akasema taratibu. "Lakini ulikuwa unamweleza mama kwa furaha, nikaona nisikuaibishe mbele yake."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kasikia yote.