Gari la Kuvishwa la Baba Chebet

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara ya tathmini hakunipa dawati wala kompyuta. Alinipa sumaku ndogo iliyoshonewa kitambaa laini, akanipeleka kwenye maegesho ya ofisi yetu pale Golden Valley, hapa Marekani, akanisimamisha mbele ya gari jekundu la milango miwili.

"Usiniambie bei," alisema. "Niambie kwanza hili ni gari gani."

Nilikuwa nimetoka Mombasa, ambako nilikagua magari yaliyogongwa kwa niaba ya kampuni za bima, na nilidhani ninayajua magari. Nikajibu kwamba ni gari zuri la zamani.

"Hata mwanangu mdogo angesema hivyo," akacheka. "Lizunguke."

Nikaipitisha sumaku juu ya bodi. Penye chuma ilishika. Karibu na gurudumu la nyuma iliteleza, ikaniangukia mkononi. Hapo palikuwa na pati tu, ule uji mzito unaokauka kama jiwe na kupigwa rangi juu. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imekula chuma, na mtu alikuwa ameficha.

Ninyi vijana mnaoniuliza habari za kazi hii, naomba mnivumilie nieleze taratibu. Hapa Marekani, miaka ya sitini ikifika katikati, viwanda vilianza kuchukua magari ya kawaida ya ukubwa wa kati na kuyatia injini kubwa za silinda nane. Yakaitwa magari ya misuli. Vijana waliyatamani, wengi hawakuweza kuyanunua. Vijana hao walipozeeka na kupata fedha, wakaanza kuyatafuta, na bei zikapanda. Basi unapothamini gari la namna hiyo, unapima chuma na hamu ya watu kwa pamoja. Hamu hiyo ina umri wake pia. Aina inayogombewa na wazee leo inaweza kupoa wao wakiacha kuendesha.

Baadaye nilipelekwa Saint Louis Park, kwenye karakana ambayo kampuni ilikuwa na mkataba nayo, nikakae na fundi mkuu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua injini iliyozaliwa na gari lake: namba iliyogongwa kwenye injini lazima ikubaliane na namba ya gari lenyewe. Zikikubaliana, thamani hupanda sana. Tena ndiye aliyenifundisha kuhusu magari ya kuvishwa.

Gari la kuvishwa ni hili: kiwanda kilitoa gari la kawaida, la kumpeleka mama sokoni. Miaka mingi baadaye mtu akalivua, akaliwekea injini kubwa, nembo, viti na mistari ya rangi ya gari lile kaka yake lenye nguvu. Ukilitazama kwa mbali, huwezi kuyatofautisha. Kwa bei, yanaachana sana.

"Kuvisha si dhambi," fundi mkuu aliniambia akiwa amelala chini ya chesisi. "Dhambi ni kusema halikuvishwa. Na ukitaka kujua nia ya aliyelivisha, uliza vitu alivyovitoa viko wapi. Mwongo hutupa."

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, chini ya wakuu wa aina mbalimbali. Lakini gari ninalotaka kuwasimulia nililikagua Lakeville, nikikaribia kustaafu.

Mwenye gari alikuwa marehemu. Jina lake Wesley Rotich, sisi tulimwita Baba Chebet. Kwao Kericho alikuwa fundi wa malori ya majani chai. Hapa alihudumia wagonjwa zamu ya usiku. Tulisali kanisa moja, kwa hiyo najua alivyotaniwa. Wenzake walikuwa wakijenga nyumba za kupangisha Kenya, yeye akanunua gari la zamani linalokunywa petroli kama ng'ombe kisimani. Alipokufa, utani ukageuka kuwa lawama. Kwenye mkutano wa familia, mdogo wake Hillary alisema waziwazi kwamba kaka yake alizika fedha za watoto kwenye chuma.

Mkewe, Mama Chebet, alinipigia simu wiki ile ile.

"Mama Zawadi, njoo uiangalie hiyo gari," alisema. "Nataka karatasi. Kama mume wangu alikuwa mjinga, nijue. Kama hakuwa, wajue wao."

Nilimweleza kwamba kwa kuwa tunafahamiana, mkuu wangu angeweza kumtuma mtu mwingine. Akakataa. Nikamweleza mkuu hali ilivyo, naye akaniruhusu, ila ripoti aipitie mwenyewe.

Nilifika asubuhi. Hillary alikuwa gerejini pale nyumbani akifagia kwa bidii. Gari lilikuwa la buluu iliyokolea, limesuguliwa hadi unauona uso wako.

"Madam, mimi nimeshapata buyer," Hillary alisema kabla sijavua koti. "Mzungu, anakuja Saturday. Anajua ni ile yenyewe, ile ya nguvu. Wewe weka tu sahihi."

"Ngoja nilione kwanza, mwanangu."

Sumaku ilishika kila mahali. Sakafu ilikuwa safi, bila kutu, na mshono wa kulehemu chini yake ulikuwa umenyooka kama wa cherehani. Nilianza kufurahi. Kisha nikainama kwenye kioo cha mbele, panapoonekana kibao chembamba chenye namba ya gari. Kwa aina ile ya gari, namba hiyo husema wazi kiwanda kilitoa nini. Nikaisoma. Nikapangusa miwani, nikaisoma tena.

Lilikuwa gari la kumpeleka mama sokoni.

Nilimwambia Mama Chebet pale pale, nikamwonyesha kwa kidole. Aliweka mkono juu ya boneti.

"Kwa hiyo waliomuuzia walimdanganya," alisema.

"Huenda."

"Ama yeye ndiye alitaka kudanganya mtu?"

Hilo ndilo lililomuumiza. Akiwa mjinga, angemsamehe. Akiwa tapeli, ingekuwa kumzika mara ya pili.

Hillary akaingilia. "Na nani atasoma hiyo kitu ndogo? Madam, si uandike tu ni original? Huyu ni mjane, jameni!"

"Atakayenunua atasoma. Na asiposoma yeye, atasoma atakayeuziwa naye, na kesi itamrudia huyo huyo mjane." Nikamgeukia Mama Chebet. "Dada, vitu vilivyotolewa kwenye gari hili viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Mabati ya zamani, nembo, kabureta. Chochote."

Akamtazama shemeji yake. Hillary akakuna kichwa. "Zile boksi za takataka? Nimezipeleka nje. Lori linapita leo."

Mama Chebet alitoka mbio na ndara zake, nami nyuma yake na magoti yangu haya. Lori lilikuwa nyumba ya tatu. Akakaa juu ya maboksi, akakaa kabisa, kama mama anayelinda mizigo stendi, akampungia dereva mkono apite.

Tuliyafungua palepale kando ya barabara. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye shati la kazi la hospitali, la buluu iliyopauka. Mama Chebet aliyatambua mashati. Aliyafua mwenyewe miaka yote. Ndani ya la kwanza kulikuwa na nembo za gari la kawaida, zimepakwa mafuta zisipate kutu. Katika jingine, kabureta ndogo. Kisha taa na wavu wa mbele. Tuliporudi gerejini, chini ya benchi tukakuta injini ndogo iliyozaliwa na gari lile, imefunikwa turubai. Nikalinganisha namba yake na ya gari. Zilikubaliana.

"Alikuwa anajua," nilimwambia. "Alinunua gari la kawaida, akalivisha mwenyewe, kwa mikono yake. Na akahifadhi kila kitu ili mtu yeyote aweze kulirudisha lilivyokuwa. Anayetaka kudanganya hafanyi hivyo."

"Mimi nilijua anaitengeneza," alisema polepole. "Nilidhani anairudisha tu vile ilikuwa. Mimi mchana kazini, yeye usiku. Tulikuwa tunapishana mlangoni."

"Sasa bei imeanguka," Hillary akanung'unika.

"Imeanguka," nilikubali. "Haifiki nusu ya anayoifikiria mnunuzi wako."

Mama Chebet alijifuta mikono kwenye leso. "Andika ilivyo, Mama Zawadi. Yote."

Niliandika. Mahali pa aina ya gari, niliandika la kawaida, limevishwa. Mahali pa aliyelifanyia kazi, ambapo kwa kawaida huandikwa jina la karakana, niliandika jina lake kamili, na ubora wa kazi: wa juu. Mkuu wangu aliziangalia picha za ile mishono ya kulehemu kwa muda mrefu, akapitisha ripoti bila kugusa neno.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Mama Chebet alimpa ripoti mkononi kabla hajaligusa gari. Yule mzee aliisoma akiwa amesimama, uso ukamshuka. Kisha akaingia chini ya gari. Akakaa huko kitambo. Alipotoka, aliuliza, "Huyu Wesley Rotich ninampata wapi? Nina jingine nyumbani, nataka alishike yeye."

"Alikuwa mume wangu," Mama Chebet alimjibu. "Tumemzika majuzi."

Mzee alivua kofia. Alilinunua kwa bei iliyo kwenye ripoti, pamoja na maboksi yote. Alijaribu kuipunguza kidogo. Mama Chebet hakumpunguzia hata senti.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama kazi hii bado ina maisha, kwa kuwa bei zinapanda na kushuka na watoto wao wanatamani magari mengine kabisa. Ina maisha. Watakuja na magari yao, nao watahitaji mtu wa kuwaambia ni gari gani kabla ya kuwaambia bei. Msiogope kuanza bila kujua. Mimi nilianza kwa kusema ni gari zuri la zamani. Jifunzeni kulala chini ya gari, na kukaa kimya mwenye gari anapofikiri.

Mama Chebet aliniomba nakala ya ripoti, akaituma Kericho kwa mama mkwe wake. Bibi huyo hasomi Kiingereza, kwa hiyo ikabidi asomewe kwa simu, na kazi hiyo ikamwangukia Hillary. Alisoma akitafsiri kwa Kikipsigis, sentensi moja moja: kazi yote imefanywa na Wesley Rotich, ubora wa juu.

Kisha mama yake akamwambia, "Soma tena."

Akasoma tena.