Kijumba Kilichobaki Chini ya Kioo

Shangazi yangu hana subira na watu wanaoangalia vidole vyao wanapochapa. Akimwona karani anadonoa kibodi kwa kidole kimoja, macho chini, macho juu, anasonya waziwazi. "Huyo anachambua mchele," anasema, tena kwa sauti ya kusikika. Yeye alifundishwa taipu akiwa msichana, mikono imefunikwa kitambaa cheusi na mwalimu amesimama nyuma na rula. Akawa mpiga chapa wa ofisi ile ile miaka thelathini na mmoja. Na ana jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione: anachochapa hakimkai kichwani. Maneno yanaingia sikioni, yanatokea vidoleni, basi. Mwulize baada ya dakika tano barua ilisema nini, atakutolea macho tu.

Alipostaafu aliona kukaa nyumbani ni kuzeeka kwa makusudi. Akawa anakwenda hospitali kila asubuhi, kuwaandikia barua wagonjwa wasioweza kuandika. Kompyuta kubwa haina nafasi kati ya vitanda, ndipo akanijia mimi, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta mwenye duka dogo na mdomo mkubwa.

Nikamtengenezea kikompyuta cha mkononi, cha kufunua na kufunika, ukubwa wa pakiti ya biskuti. Kinaendeshwa na Linux, na nafasi yake ya ndani ni finyu, huwezi kusimika humo programu za ofisi. Nikamwekea zile za kubebeka, zinazokaa kwenye kadi: unachomeka kadi, unazifungua humo humo, na barua unazihifadhi humo humo. Nilijisifu kwa kila aliyesimama dukani kwangu. Shangazi alikiweka juu ya meza ya mgonjwa, akavibana vidole vyote kumi kwenye kile kibodi cha kitoto, akachapa huku anatazama dirishani.

Sasa niseme aibu yangu mapema. Programu zile zilitengenezwa kwa skrini kubwa. Kidirisha cha kuuliza kikitokea, swali unaliona, lakini vijumba vya kujibia, Hifadhi, Tupa na Ghairi, vinabaki chini, nje ya kioo. Nilijua. Nilisema nitarekebisha kesho, na kesho yangu ina miezi mitatu. Halafu nilizima ile hifadhi ya kujiendesha yenyewe kila dakika tano, ati kadi isichakae. Na kitufe cha kughairi kwenye kibodi, kile cha kufunga kidirisha bila kujibu, kilipoanza kukwama, nikaking'oa. "Hukihitaji, Shangazi," nilimwambia. Fundi mzima, jamani!

Jumatano moja simu yake ilinikuta nafungua duka.

"Njoo sasa hivi. Na chaja."

Chaja ilikuwa juu ya meza yangu, waya nje, ikingoja kutengenezwa tangu Jumamosi. Nilikwenda bila chaja, mbio.

Nilimkuta wodini kando ya kitanda kitupu, shuka bado lina umbo la mtu. Kitanda kilikuwa cha mzee mmoja, fundi mwashi. Walikuwa wamempeleka chumba cha upasuaji robo saa iliyopita, kuondolewa uvimbe wa koo, na kisanduku cha sauti pamoja nao. Akitoka hatasema tena maisha yake yote. Kuandika hajui. Asubuhi hiyo alimwita Shangazi, akamnong'oneza sikioni barua moja ya kumpa binti yake. Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu. Simu isingenasa kitu, na hata ingenasa ingefaa nini? Binti ni kiziwi. Wanaelewana kwa ishara zao za nyumbani, lakini mzee alisema jambo hili halina ishara.

"Ilisema nini?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi?" Shangazi akanikazia macho yaliyoiva wekundu. "Ningekuwa nakumbuka ningekuita wewe?"

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mshonaji wa miaka ishirini na kitu, sindano mbili zimechomwa kwenye ukosi. Baba yake alikuwa amemwonyesha kwa mikono: karatasi, yako, leo. Alinitazama mara moja tu, nami nikatazama sakafu.

Nikakishika kikompyuta. Betri, asilimia tatu. Kwenye kioo, swali: hati imebadilika, uihifadhi? Chini yake, hakuna kitu. Shangazi alikuwa ameharakisha kufunga, kidirisha kikajitokeza, naye akafanya nilivyomfundisha: akabonyeza kitufe cha kuruka ili atoke kijumba kimoja hadi kingine. Umesimama kwenye kipi, huoni. Na kioo chenyewe si cha kugusa.

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu. Sijui, labda nne."

Nikahesabu kwa vidole. Mwanzo unakuwa kwenye Hifadhi. Ukiruka mara mbili uko kwenye Ghairi. Tatu, umerudi kwenye Hifadhi. Nne, uko kwenye Tupa. Nikikosea, maneno ya yule mzee yamekwisha duniani, na aliyeyasema ameshalazwa chini ya taa za madaktari.

Asilimia mbili.

"Ni tatu," nikasema. "Watu wakibabaika hubonyeza tatu." Huo haukuwa ufundi, ulikuwa woga unaotafuta pa kukimbilia. Kidole changu kikaelekea kitufe cha kukubali.

Shangazi akanipiga kofi la mkono, lile la kumzuia mtoto asishike moto.

"Toa mkono wako! Umening'olea kitufe, umenilazia chaja dukani, sasa unataka kunibahatishia? Kaa!"

Nikakaa. Akavuta mtandio wake, akaufunika juu ya mikono yake miwili, akafumba macho. Vidole vikaanza kutembea juu ya meza tupu chini ya kitambaa. Vilichapa mstari mzima, pengine ule wa mwisho wa barua. Vikafunga. Vikasita. Kisha kidole kidogo cha kushoto kikagonga: moja, mbili, tatu. Kikatulia. Nilitaka kupiga kelele, si nilisema! Kidole kikagonga tena.

"Nne," akasema, macho bado kayafumba. "Ya nne nilibonyeza muuguzi alipopita na ndoo."

"Una uhakika?"

"Mimi sina. Vidole vinao."

Asilimia moja. Nikaruka mara moja, Ghairi. Nikaruka tena. Hapo ilipaswa kuwa Hifadhi. Nikamwangalia Shangazi, naye hakunitazama. Nikabonyeza.

Kidirisha kikatoweka, programu ikajifunga. Ndivyo ingekuwa vilevile kama tungeitupa. Taa ndogo ya kadi ikapepesa mara moja, mara ya pili, ikazima, na kioo kikawa cheusi.

Nikachomoa kadi. Tulikwenda masjala karibu tunakimbia, Shangazi ameshika viatu mkononi. Karani wa masjala akaanza kutuambia kompyuta ya ofisi si ya umma. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, pisha," na karani akapisha. Nikafungua kadi. Faili ilikuwepo, ya saa mbili na dakika arobaini asubuhi ile. Nikakalia kiti cha yule karani bila kuomba. Shangazi akaisoma kama barua ya mtu asiyemjua. Akavua miwani.

"Nimeyachapa mimi haya?"

Tukaitoa kwenye karatasi pale pale, tukampelekea binti koridoni. Aliisoma akiwa amesimama.

*Mwanangu, ulipougua ukapoteza masikio ulikuwa na miaka minne. Watu waliniambia hakuna haja ya kukuita tena. Sikuacha. Kila alfajiri nikienda kazini nasimama mlangoni kwako, naita jina lako mara moja, kisha naondoka. Nilitaka jina lako lisikike ndani ya nyumba. Kuanzia leo sitaweza. Wewe hutaona tofauti, mimi nitaiona. Usidhani nimeacha kwa kupenda.*

Hakulia. Alinyoosha mkono, nikampa kalamu. Akaandika nyuma ya karatasi, taratibu, akamkabidhi Shangazi.

Siku ya tatu walituruhusu kuingia. Mzee alikuwa macho, mpira shingoni, mikono yake mikubwa ya saruji imelala juu ya shuka. Binti hakuweza kumtazama usoni baba yake wakati anasomewa. Akatugeuzia mgongo, akatazama dirishani, mkono mmoja ameuacha nyuma kwenye chuma cha kitanda. Shangazi akasoma.

*Baba, nilikuwa najua. Ukiita ulikuwa unauegemea mlango. Kitanda changu kimeugusa. Mtikisiko huo ndio uliokuwa unaniamsha siku zote.*

Mzee alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Machozi yakamteremkia masikioni. Kisha akainua mkono, akakishika kile chuma cha kitanda, akakitikisa mara moja.

Binti akageuka.