Nane na Kane

Mjukuu wangu alijua kuhesabu kabla meno ya utoto hayajaanza kumtoka. Mimi ndiye niliyemfundisha, na sioni haya kujisifu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza aliponiita shuleni akaniambia hisabati ni nzito kwa huyu mtoto, nilimtazama kama mtu aliyeniambia ng'ombe wangu ni mbuzi.

Ni mtoto wa kike wa binti yangu wa mwisho. Mama yake anapika chakula stendi kule Biharamulo, akaniachia mtoto hapa Mbuba tangu alipoachishwa kunyonya. Wajukuu wangu wengine wako huko huko mjini na Kiswahili chao. Wakija ni shikamoo Bibi, marahaba, imeisha. Kihangaza, lugha yetu, hawana, na Kiswahili changu ni cha sokoni, cha kununulia chumvi. Tunabaki kutazamana. Huyu mmoja ndiye niliyekuwa naongea naye mpaka uji unaungua.

Kuhesabu alijifunzia shambani, wakati wa kupanda maharage. Mimi nachimba shimo, yeye anatia mbegu. Wengine hutia mbili, mimi natia nne, maana panya nao wanakula. Naanza, "Rimwe, kabiri, gatatu," halafu nanyamaza makusudi. Yeye anamalizia, "Kane!" Kane kwetu ndiyo nne. Hilo lilikuwa neno lake. Alilipiga kelele mpaka kuku wanaruka.

Akaenda shule. Mwalimu anasema, toeni vijiti nane. Wenzake bado wanahangaika, yeye keshaweka vinne, kakunja mikono, amemaliza wa kwanza. Amekosa. Kesho yake vizibo vya soda, toeni nane, anatoa vinne. Amekosa tena. Watoto si watu wa kuonea huruma mtu, wakampa jina. Wakamwita Nusu. Njiani nilikuwa nawasikia kwa masikio yangu, "Nusu, kwenu mnakula nusu sahani?" "Nusu, bibi yako naye ana mguu mmoja?" Nilitoka na miguu yangu yote miwili wakakimbia, lakini jina lilibaki. Ikawa kila asubuhi tumbo linamuuma. Kengele ikishalia, tumbo limepona.

Ndipo mwalimu akaniita. Kijana mdogo, ana adabu, shikamoo yake ni ya kuinama.

"Bibi, kusoma anasoma vizuri. Hisabati ndiyo hapana. Ikiendelea hivi atarudia darasa."

"Atarudia nini? Huyo kwangu anahesabu mbegu."

"Basi mfanyishe mazoezi nyumbani, Bibi. Kwa Kiswahili."

Jioni ile nilikuwa namenya ndizi za kupika. Nikamwambia kwa hicho Kiswahili changu, niletee ndizi nane. Akaenda kwenye mkungu, akarudi na nne.

"Nimesema nane."

"Ndizo hizi, Bibi. Nane."

"Zihesabu nione."

Akaziweka chini moja moja. "Rimwe, kabiri, gatatu, kane." Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyeshindwa darasa la kwanza.

Nikaacha kisu. Mtoto alikuwa anasikia nane, anajua ni kane yetu, imebadilishwa kichwa tu iwe ya Kiswahili. Wimbo wa moja mbili tatu aliujua wote mpaka kumi, anauimba na kucheza, lakini kwake ulikuwa wimbo. Hakuna aliyemwambia kila neno la wimbo ule lina vijiti vyake. Hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kila siku, na kila siku wanamcheka.

Asubuhi nilifunga kanga nikaenda na ndizi zile kwenye kikapu, nikazipanga juu ya meza ya mwalimu, nikamweleza. Akaweka chaki chini.

"Bibi, mimi kwetu ni Shinyanga. Kwa lugha yetu nane ni nane vilevile. Nisingejua."

"Sasa umejua."

Hakubisha. Nitamsema kwa haki, alifanya kazi. Alimkalisha mbele, akampa vijiti, vinne upande huu, nane upande ule, na kila akitaja namba lazima mkono ushike. Haikupita muda mtoto akawa anajumlisha ubaoni na darasa zima linampigia makofi. Jina la Nusu likafa. Siku hiyo ya makofi alirudi anakimbia, kiatu mkononi, na mimi nikachinja kuku.

Lakini mwalimu alikuwa ameniambia neno jingine. "Nyumbani punguzeni Kihangaza kwa sasa, Bibi, mpaka hesabu zimkae kichwani." Nikakubali. Ningekataaje? Nilitaka arudie darasa?

Mvua zikaja. Tukaenda shambani, mimi na jembe langu, yeye na bakuli la mbegu. Nikachimba shimo la kwanza. Moyo ulikuwa mweupe kabisa. Nikaanza, "Rimwe, kabiri, gatatu," nikanyamaza, nikingoja.

Kimya. Nikadhani hajasikia. Nikarudia.

Akatazama kwanza kule njiani, kama kuna mtu anapita. Halafu akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Bibi, mimi silisemi hilo neno. Wataniita Nusu tena."

"Hapa ni shambani, mama. Nani anasikia?"

"Mimi nasikia."

Akatia mbegu zake. Niliona midomo inacheza, moja, mbili, tatu, nne. Hakukosea hata shimo moja. Nikamwambia amefanya vizuri, nikamwambia kwa Kiswahili, kile cha sokoni, na maneno yakaniishia papo hapo.

Siku hizi anasalimia vizuri, anaombea chakula vizuri, anajibu nikimuuliza. Uji hauungui tena. Nikipanda, natangulia mistari kadhaa mbele yake, nahesabu kimoyomoyo, na kila shimo nikifika kwenye gatatu bado nanyamaza kidogo, kisha namalizia mwenyewe.