Hatufugi Mapacha

Dukani, kwenye mashine ya kusagia vioo vya miwani, alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Wateja walimpenda. Mtandaoni aliitwa Kisu.

Jina hilo alilipata kwenye Hifadhi, mahali ambapo kila mwanamuziki wa zamani alikuwa na ukurasa wake na yeyote mwenye simu aliweza kuandika. Hapo ndipo palipokuwa na raha, na balaa likaanzia hapo hapo. Shabiki mmoja akiandika ukurasa wa mpiga ngoma, wa pili asiyejua kutafuta naye anaandika wake, na marehemu mmoja anajikuta na makaburi mawili. Kisu alijitolea kuunganisha kurasa za namna hiyo. Sheria aliitunga mwenyewe: picha ikifanana, na wimbo ukafanana, huyo ni mtu mmoja. Ukurasa wa zamani unabaki, mpya unamezwa.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuandika habari za kaka yake mpiga besi, aya baada ya aya, kwa kidole kimoja. Kumbe ukurasa ulikuwepo, mistari miwili mikavu. Kisu aliumeza wa mwalimu bila kuhamisha hata neno. Mzee akauliza kwa adabu maneno yake yamekwenda wapi.

"Tafuta kwanza, babu," Kisu alimjibu mbele za watu. "Hapa hatufugi mapacha."

Wahariri wenzake walicheka mpaka jioni. Mwalimu hakurudi tena, na Kisu alilala usingizi wa pono.

Ukurasa mmoja tu aliushika kama yai: wa baba yake, mpiga tarumbeta aliyekufa safarini na bendi. Aliuandika kwa ajili ya mama yake, mjane aliyekataa posa zote zilizokuja baadaye. "Wenzangu waliolewa na wanaume wenye nyumba ya pili," mama alipenda kuwaambia majirani. "Wangu nyumba yake ya pili ilikuwa tarumbeta." Kisha aliomba awekewe wimbo wa dirishani, ule ambao mumewe aliutunga, alivyosema mwenyewe, siku aliyomwona mara ya kwanza akianika nguo dirishani.

Ujumbe ulimkuta Kisu dukani, fremu ya mteja ikiwa mkononi.

"Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, niko mji mwingine. Nimetafuta kwanza, kama mnavyosema. Nadhani baba yangu na huyu wa ukurasa wenu ni mtu mmoja. Sigombani na mtu. Nataka tu kujua kama nina ndugu."

Aliufungua ukurasa wa muuguzi. Jina la jukwaani lilikuwa jingine, ila picha ilikuwa ile ile, na kidole cha mwisho kimepinda vile vile juu ya tarumbeta. Kwenye ukurasa wa Kisu picha ilikuwa imekatwa ubavuni. Kwa muuguzi ilikuwa nzima, na kwenye ubavu ule alisimama mwanamke aliyeshika koti la mpigaji. Chini yake kulikuwa na wimbo wa dirishani, "aliomtungia mkewe." Na ukurasa huo ulikuwa wa zamani kuliko wake.

Kwa sheria yake mwenyewe, mama yake angemezwa. Angebaki neno moja mwishoni mwa ukurasa wa mke mwingine: pia.

Mhariri mwenzake, waliyemwita Mzee wa Santuri, alishaliona ombi la muuguzi la kuunganisha kurasa. "Kisu, hii ni ya kukata mara moja. Mbona unanoa tu?"

Akaingia kwenye ukurasa wa baba yake. Akaiondoa picha. Akauondoa wimbo. Kisha akaandika: "Hakuna kinachofanana. Ni watu wawili." Akabonyeza alama ya kufunga, ile inayozuia mtu yeyote kuomba tena kurasa hizo ziunganishwe. Mabadiliko yote yalionekana kwa wahariri, lakini nani angemkagua Kisu?

"Dada, asubuhi wimbo ulikuwepo," muuguzi aliandika. "Na picha. Nimeviona kwa macho yangu."

"Pole na msiba," Kisu alijibu, mbele za watu kama kawaida yake. "Kila yatima humu anatafuta baba mwenye jina. Nenda katafute kwingine." Akamfungia asiandike tena. Wahariri wakacheka. Akairudisha fremu kwenye mashine na kuendelea kusaga.

Jumapili majirani walikuja kukaa na mama barazani.

"Mwanangu, hebu tuwekee ule wa dirishani."

"Mtandao unasumbua leo, mama."

"Mbona kwangu unashika?" alisema jirani wa ukuta wa pili, simu tayari mkononi. "Ngoja nitafute. Enhe, huu hapa. Tena na picha yake, nzima." Akaisogeza simu. "Shoga, huyu aliyemshikia koti ni nani? Si wewe huyu."

Mama aliivaa miwani ambayo binti yake alimsagia kwa mkono wake, vioo safi visivyoficha kitu. Akatazama. Akakifuata kile kidole kilichopinda, akamfuata mwanamke, akayasoma maneno ya chini polepole, midomo ikicheza.

"Wewe ndiye unayeyajua mambo ya humu," alimwambia Kisu. "Huyu ni baba yako, au siye?"

Kisu alitazama sakafu. "Ni watu wawili, mama."

"Watu wawili."

"Ndiyo."

"Basi wa kwangu hakuwa na wimbo."

Jirani, kwa kutojua aweke wapi mkono, akagusa kioo, na tarumbeta ikaanza kulia, ile pumzi ndefu ya mwanzo.

"Zima, shoga," mama alisema, akiivua miwani. "Si vizuri kumsikiliza mume wa mtu."